Uchumba wa Uchi: Je, Ni Mchezo Tu?



Liko jambo ambalo vijana wetu hubishana juu yake siku hizi, na wazee wakilisikia huinuka wakaenda zao, maana waona haya hata kulitaja. Mimi naona si vema kulinyamazia. Jambo lenyewe ni michezo ya televisheni ya nchi za Ulaya na Marekani, ambayo ndani yake mwanamume na mwanamke hutafutana uchumba wakiwa uchi wa mnyama, mbele ya macho ya watu wote wanaotazama. Vipande vyake vimekwisha kufika mpaka vijijini kwetu kwa njia ya simu. Watu wengine husema, "Hayo ni machukizo, na yapigwe marufuku." Wengine hujibu, "Ni mchezo wa kuchekesha tu. Wanaocheza ni watu wazima, wamependa wenyewe. Nani ameumia?" Leo nataka kuzipima hoja za pande zote mbili, na kusema wazi mahali niliposimama. Naona mchezo huu ni mbaya. Lakini ubaya ninaouona mimi sio ule utajwao na watu wengi.

Kwanza yatupasa kujua twanena habari gani, maana kumhukumu mtu bila kumsikiliza si haki. Mwaka 2014 huko Uholanzi ulianzishwa mchezo ulioitwa "Adam zoekt Eva", maana yake Adamu amtafuta Hawa. Mwanamume na mwanamke wasiojuana walikutanishwa kisiwani bila nguo, kisha akaletwa mtu wa tatu, ili pawe na mashindano. Ukaigwa upesi huko Ujerumani, Hispania na Ufaransa. Mwaka ule ule wa 2014 televisheni ya VH1 ya Marekani ikatoa mchezo wake, "Dating Naked", ambao picha zake zilitiwa ukungu mahali pa sehemu za siri. Kisha, tarehe 25 Julai 2016, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ikatoa mchezo ulioishinda yote kwa ujasiri, uitwao "Naked Attraction", nao haukufunika kitu.

Mpango wa mchezo huo wa Uingereza ni huu. Mtu mmoja, mwenye nguo zake, huja kuchagua mchumba. Mbele yake yamesimamishwa masanduku sita marefu yenye rangi mbalimbali, na ndani ya kila sanduku amesimama mtu aliye uchi. Kifuniko cha mbele huinuliwa kidogo kidogo kutoka chini. Kwanza huonekana miguu mpaka kiunoni, na mchaguzi pamoja na mwongozi wa mchezo hupita wakitazama, wakitoa maoni yao kwa sauti juu ya mapaja na viungo vya siri vya kila mmoja. Baada ya hayo mmoja hukataliwa, akatoka sandukuni, akakumbatiana na huyo aliyemkataa, akaenda zake. Kisha kifuniko hupanda mpaka mabegani, yakatazamwa matumbo na vifua, na mwingine hukataliwa. Kisha huonekana nyuso. Yakiisha hayo yote, ndipo zisikiwapo sauti zao. Wakibaki wawili, mchaguzi naye huvua nguo zake, akasimama mbele yao, akamchagua mmoja. Halafu hao wawili huvaa nguo, wakaenda pamoja mahali pa kula na kunywa, wapate kuzungumza na kujuana.

Nawasihi myashike mambo mawili katika maelezo hayo, maana nitayarudia. La kwanza, sauti ya mtu husikiwa mwisho. La pili, wanapotaka kuzungumza, huvaa nguo.

Sasa nianze na ndugu zangu wa upande wa kwanza, wale wasemao kwamba uchi wenyewe ni uchafu, basi hakuna haja ya maneno mengi. Mimi nami naupinga mchezo huu, lakini kwa hoja hiyo siwezi kusimama pamoja nao. Mwili wa mwanadamu si uchafu. Mkunga humtazama mama aliye uchi, wala hakuna amwonaye kuwa ametenda uovu. Daktari naye hutazama, na mama humwogesha mtoto wake uani mbele ya jirani. Hata maiti huoshwa, na wazee wetu walisema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha." Tazameni hekima ya neno hilo. Mwosha maiti aona kila kitu, lakini kazi yake ni kusitiri alichokiona. Macho yake na heshima yake vyaenda pamoja.

Tena, tukisema kwamba heshima hupimwa kwa urefu wa nguo, tutawadhulumu watu wetu wenyewe. Katika miaka ya 1967 na 1968 serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega zao, wavae suruali na magauni, kwa kuwa mavazi yao yalihesabiwa kuwa ya kishenzi, tena yaacha mwili wazi mno. Walakini yule moran aliyehesabiwa hivyo alikuwa na miiko yake mikali, hata hakula nyama iliyokwisha kutazamwa na mwanamke aliyeolewa. Alijua sana nini huonwa na nani, na wakati gani. Adabu yake haikukaa katika suruali.

Hata huko Ulaya kwenyewe uchi si wa namna moja. Shirika la utangazaji la Denmark, liitwalo DR, limeonyesha kipindi ambacho watu wazima walisimama bila nguo mbele ya watoto wa shule, na watoto wakawauliza maswali juu ya mwili: makovu, nywele, unene, uzee. Habari zake zilienea duniani mwaka 2020, na watu wengi walikasirika. Mimi nisingekileta kipindi hicho katika shule yangu, na wazazi wangenifukuza wakiwa na haki. Lakini naiona tofauti. Pale hakuna anayechaguliwa wala anayekataliwa. Watoto waliuliza, na mtu mwenye mwili ule akajibu kwa kinywa chake. Basi, kama twataka kuujua ubaya wa mchezo wa uchumba, hatuna budi kuutafuta mahali pengine, mbali kidogo na ngozi.

Sasa nawageukia watetezi wake. Wana hoja tatu, nami nitazitaja moja moja kama wanavyozitaja wenyewe, pasipo kuzipunguza nguvu.

Hoja ya kwanza ni hiari. Wasema, "Hakuna aliyeburutwa. Wamekuja kwa miguu yao, wametia sahihi, wana akili zao." Ni kweli, na ukweli huo una uzito. Lakini hiari ya mtu ina mpaka, na mpaka huo haujui mtu mpaka siku uvukwapo. Mwaka 2014 mwanamke mmoja aliyecheza katika "Dating Naked" alikwenda kortini huko New York akidai dola milioni 10. Alisema kwamba aliahidiwa ukungu juu ya sehemu zake za siri, na katika tukio moja ukungu huo haukuwekwa, akaonekana na watu wote. Wengi walimcheka wakisema, "Mtu aliyevua nguo mbele ya kamera aona haya gani?" Mimi simcheki. Alikubali kuvua nguo mbele ya watu wachache pale walipokuwa, hakukubali kuvuliwa mbele ya taifa zima. Wazee walisema, "Mvuliwa nguo huchutama." Huyo naye alichutama, na mahali pa kuchutama alipopata ni kortini. Kesi ile yatuonyesha kwamba haya haikuwa imekufa ndani yake. Ilikuwa imewekwa rehani tu, na wenye mchezo ndio walioishika rehani hiyo.

Tena, hiari hutolewa kwa siku moja, lakini picha haifi. Kijana wa miaka ishirini na mitatu aweza kutia sahihi asubuhi kwa kucheka. Je! Yule mwalimu atakayekuwa baada ya miaka kumi, au yule mama atakayekuwa na mtoto darasani, yeye alitia sahihi lini?

Hoja ya pili ni saa na sheria. Wasema kwamba mchezo huonyeshwa usiku, watoto wamelala, na wenye mamlaka wamekwisha kuupima. Hilo nalo ni kweli. Ofcom, yaani mamlaka isimamiayo utangazaji huko Uingereza, ilipokea malalamiko mengi mwaka 2016, ikaona hakuna sababu ya kuushitaki, kwa kuwa ulionyeshwa baada ya saa tatu ya usiku, ambayo huko ndiyo mpaka uwekwao kwa ajili ya watoto, na kwa kuwa halikuonyeshwa ndani yake tendo la zinaa. Sina ugomvi na uamuzi huo kwa upande wa sheria. Lakini sheria yatwambia lipi halitaadhibiwa, haitwambii lipi ni jema. Hakuna sheria imkatazayo mtu kumcheka kipofu njiani, walakini mwenye kufanya hivyo twamjua ni mtu wa namna gani.

Na ule ugo wa saa tatu ulijengwa kwa ajili ya kisanduku kimoja kilichokaa sebuleni, na baba amekaa mbele yake. Simu haina saa tatu. Kipande cha dakika moja kilichoonyeshwa London usiku chaweza kutazamwa kesho yake saa nne ya asubuhi, chini ya mwembe, na mtoto wa darasa la sita. Mwezi wa Septemba 2023 mchezo ule ule wa Uingereza ulitiwa katika mtandao wa Max huko Marekani, ambako mtu huchagua mwenyewe saa ya kutazama. Katika muda mfupi ukawa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa sana, hata wazazi wa huko wakanung'unika. Ugo ule wa saa uko mahali pake hata leo, ila ng'ombe wamekwisha kutokea upande mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndugu zangu wa upande wa kwanza hawataki kuisikia. Watetezi wasema, "Tazameni waliomo sandukuni. Hawakuchaguliwa wazuri tu kama katika matangazo ya biashara. Wamo wanene na wembamba, wazee na vijana, wenye makovu, hata waliokatwa kiungo. Watu wameona haya miaka mingi kwa sababu ya miili yao, na hapa wanajifunza kutoona haya. Je, si jambo jema?"

Nakiri kwamba wanayolia nayo ni kidonda cha kweli. Yako mateso mengi yaliyofichwa chini ya nguo. Mimi nawajua wasichana wanaokataa kukimbia katika michezo ya shule kwa sababu wenzao wamewacheka miguu, na wavulana wanaotoroka kuoga mtoni na wenzao. Mtu akileta dawa ya kidonda hicho, tutamshukuru. Lakini na tuitazame dawa yenyewe. Tufanye hesabu ndogo. Watu sita huingia sandukuni, na mmoja huchaguliwa. Watano hukataliwa. Yule wa kwanza hukataliwa kabla uso wake haujaonekana, kwa sababu ya miguu yake na viungo vyake vya siri, naye amesimama kimya anasikia akisemwa. Ni mwalimu gani amponyaye mtoto aonaye haya kwa kumsimamisha mbele ya darasa, na kuwauliza wenzake, "Haya, semeni, nani mbaya kuliko wote, atoke"? Mtu akikuambia kwamba mwili wako hauna aibu, kisha akakupima kwa mwili huo peke yake, akakutoa, maneno yake yamesema hili na tendo lake limesema lile. Na moyo wa mtu husadiki tendo.

Hapo ndipo nafika kwenye ubaya wenyewe kama nionavyo. Ubaya umo katika utaratibu. Kwa desturi ya wanadamu karibu wote, mtu hujulikana kuanzia juu. Kwanza twasikia habari zake: mwana wa nani, ana tabia gani. Kisha twauona uso wake, twasikia salamu yake, twajua kama ni mpole au mkali, mkweli au mdanganyifu. Mwisho, baada ya ahadi na baada ya watu wengi kushuhudia, ndipo mwili wake hufunuliwa kwa mtu mmoja, nyuma ya mlango uliofungwa. Mchezo huu umeishika desturi hiyo kwa miguu, ukaipindua kichwa chini. Kiuno chatangulia, uso wafuata, sauti yaja mwisho. Nao waliopindua hivyo walijua walifanyalo. Mtu akikuambia jina lake na kukuamkia, macho yako hayawezi tena kumpima kama mguu wa meza. Ndiyo sababu sauti hucheleweshwa. Wamnyamazisha mtu kwanza, wapate kumtazama bila kusumbuliwa na utu wake.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kushtuka tuonapo watu wamepangwa safu, kimya, wakitazamwa viungo. Huko Unguja palikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, lilipofungwa kwa amri ya Sultan Barghash, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu ambalo lipo mpaka leo. Wasafiri waliolishuhudia soko la Unguja katika siku zake waliandika jinsi wanunuzi walivyopita safuni wakitazama meno ya watu, wakipapasa mikono na miguu, wakiwaamuru watembee wapate kuonekana kama wana kilema. Najua nitajibiwa, "Mwalimu, umevuka mpaka. Wale walifungwa minyororo, na hawa wamekuja kwa kupenda." Ni kweli. Tofauti ya mnyororo ni kubwa sana, wala sisemi kwamba uovu wa mambo haya mawili ni sawa. Aliyesema hivyo atawatukana babu zetu. Nasema tu kwamba jicho linalofundishwa kutazama hivi lafanana na jicho lile. Jicho lililozoea kuuliza "viungo vyake vikoje?" kabla ya kuuliza "wewe ni nani?" halitaacha mazoea hayo pale televisheni izimwapo.

Sasa kumbukeni lile jambo la pili nililowaomba mlishike. Mchezo ukiisha, mchaguzi na mchaguliwa huvaa nguo ndipo waende kujuana. Kwa nini? Kama uchi ndio njia ya kweli ya kumjua mtu, kama wasemavyo, kwa nini wasiende hivyo hivyo mezani? Wenye mchezo wajua vizuri kwamba mazungumzo ya watu wawili yahitaji sitara, ili wapate kutazamana machoni. Wamelijibu swali letu kwa tendo lao wenyewe, wala sina haja ya kuongeza.

Nao waliotoa jina la Adamu na Hawa, wameikumbuka nusu ya habari wakaisahau nusu. Wale wawili walikuwa uchi bila kuona haya, lakini hakuwako mtazamaji, wala hapakuwa na mtu wa tatu aliyeletwa kushindana. Hawa hakusimamishwa sandukuni pamoja na wanawake watano. Tena habari ile haiishii uchi. Yaendelea mpaka majani ya mtini, na mpaka mavazi ya ngozi waliyovikwa na Mungu mwenyewe kwa kuwahurumia. Anayetaka kulitumia jina hilo na alisome mpaka mwisho.

Basi, kama mambo ni hayo, kwa nini michezo hii hutengenezwa? Msidhani kwamba kuna chama cha waovu kilichokaa usiku kupanga kuiharibu dunia. Sababu ni ndogo kuliko hiyo. Channel 4 ni mali ya taifa la Uingereza, nayo ilianza kazi mwaka 1982, lakini riziki yake kubwa huipata kwa matangazo ya biashara. Matangazo hufuata macho ya watazamaji, na uchi huvuta macho upesi kuliko jambo lo lote. Mchezo wa namna hii hauhitaji wachezaji stadi, wala mandhari, wala mwandishi wa hadithi. Wahitaji masanduku sita na watu waliokubali. Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Hapa kibaya kimejitembeza bila kanzu, na biashara imekwenda vizuri.

Wala tusijisifu sisi, tukadhani kwamba tumesimama juu ya mlima tukiwatazama wenzetu bondeni. Nasi tumewapima watu kama bidhaa, kwa namna yetu. Wako wazee waliomkubali mkwe kwa hesabu ya ng'ombe bila kuuliza kama hupiga. Wako wavulana waliomtuma mshenga aende kumtazama binti "kama ana nguvu za kulima", wala wasimwulize kama ampenda mtu huyo. Binti aliketi ndani, kimya, na mambo yake yakanenwa na wengine barazani. Huyo naye sauti yake ilikuja mwisho, na mara nyingine haikuja kabisa. Tukiukataa mchezo wa Uingereza kwa sababu unamnyamazisha mtu, sharti tuukatae na ukimya huo wa kwetu. Uzuri wa desturi ya posa ni pale inapouliza, na kungoja jibu. Bila hayo, ni sanduku vile vile, ingawa lina nguo.

Nami nisingaliandika maneno haya yote kwa ajili ya mambo ya London tu. Naandika kwa sababu ya jambo lililo mlangoni petu. Vijana waliokwisha kuzoea kwamba mwili hutangulia, huanza kutaka hivyo katika mambo yao wenyewe. Kijana humwandikia msichana kwa simu, na kabla hajamjua wazazi wake, humwambia, "Nitumie picha yako bila nguo, nijue kama wanipenda." Msichana akikataa, aambiwa kwamba ni mshamba, mbona Wazungu wafanya hata kwenye televisheni? Akikubali, ameweka rehani ile niliyoitaja, na mwenye kuishika ni mvulana wa miaka kumi na minane. Wakigombana, picha huenea kijiji kizima kwa siku moja. Hapo mchezo "usiomwumiza mtu" umemwumiza mtu, tena mtu tumjuaye jina.

Sheria zetu zaliona jambo hili. Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, ambayo yakataza kueneza picha za ngono kwa kompyuta na simu. Kenya ilitunga yake mwaka 2018, nayo yataja wazi kosa la kueneza picha za faragha za mtu. Basi mzazi ambaye binti yake ametendwa hivyo ana mahali pa kwenda. Lakini mara nyingi twaona nini? Binti hupigwa na baba yake, hutengwa na rafiki zake, huacha shule, na yule aliyeieneza picha huketi dukani akicheka. Nasema kwa nguvu zangu zote, hukumu hiyo imepinduka kama mchezo wenyewe. Binti amekosa busara, na afundishwe. Aliyeieneza picha ametenda uhalifu, na ashitakiwe. Na kila aliyeipokea akaipeleka kwa mwenzake, awe mzee wa kanisa au mwalimu, ni mshiriki wake.

Tufanye nini? Wengine watasema tuwanyang'anye vijana simu. Jaribuni, mtaona. Kijana ataazima ya jirani. Mimi naona mambo matatu yatafaa zaidi. Kwanza, wazazi wanene na watoto wao habari za mwili mapema, kwa maneno safi, wala wasiwaachie kazi hiyo watu wa televisheni. Mtoto aliyejibiwa nyumbani hana njaa ya kuuliza njiani. Pili, walimu tuache kabisa desturi ya kuwacheka watoto kwa miili yao, kuwaita "bonge" na "kijiti" mbele ya wenzao. Mara ngapi sisi wenyewe tumewafundisha haya ile ambayo mchezo wa Uingereza wadai kuiponya? Tatu, tuwafundishe vijana wa kiume na wa kike kwamba mchumba hupimwa kwa maswali. Je, hutimiza ahadi? Akikasirika hufanyaje? Huwatendeaje watu wasioweza kumlipa? Mambo hayo hayaonekani katika paja wala kifuani, hata taa ziwe nyingi namna gani.

Basi, kwa yule anayeuliza kama ni machukizo au ni mchezo tu, jibu langu ni kwamba mwili haukutenda kosa lo lote, lakini kumpanga mwanadamu sandukuni na kumnyima sauti yake mpaka amekwisha kupimwa ni kumdharau, hata akiwa amekubali, hata kama sote tunacheka. Najua wako wasomaji watakaoona kwamba nimeulegezea uchi, na wengine kwamba nimekuwa mkali juu ya jambo la kuburudisha tu. Wote wawili na walete hoja zao. Lakini nawaomba, kabla hawajaandika, wamwulize binti mmoja wa kijijini kwao, kwa upole, kama amekwisha kuombwa picha ya namna hiyo. Kisha wakae wamsikilize.